Kwa Nini Shimo la Ngulyati Halina Filimbi

Najua mnavyonisema, vijana wa kikundi chetu cha roketi. Nikishuka shimoni na mguu wangu huu wa kushoto unaoburuza kidogo, wapo wanaonong'ona kwamba mzee Nkwabi alilipuliwa na roketi. Mmoja wenu, simtaji, alimwambia mgeni kutoka Mwanza kwamba nina kipande cha chuma ndani ya goti mpaka leo. Nilikuwa nyuma yake nakunywa chai. Sikumkatiza, maana alikuwa anasimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Goti hili halikuvunjwa na roketi. Lilivunjwa na fimbo, tena fimbo ya mtu mnayemfahamu wote na mnayemsalimia kila mkipita njiani kwake. Nimestaafu mwaka jana, sina tena mkubwa wa kunikataza kusema, kwa hiyo naandika. Mtajua kwa nini shimo letu halina filimbi, halina king'ora, halina hata kengele ya baiskeli, na kwa nini ukikutwa na filimbi mfukoni siku ya majaribio unarudishwa nyumbani hata kama umetoka Kimali kwa miguu. Kila mwaka mnaniuliza, kila mwaka nawajibu kwamba ni utaratibu. Mnanyamaza kwa adabu, halafu mnaendelea kunong'ona.

Kwanza niwaambie mimi ni nani, maana wengine mnanijua kama mzee wa chupa ya chai tu. Nilizaliwa Kimali, kwenye familia ya ng'ombe na pamba. Nikiwa kijana nilipima pamba kituo cha ununuzi huko Sola, misimu mitatu. Baadaye nikawa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kutoka hapo nikachukuliwa kuwa fundi wa maabara ya sekondari hapa Bariadi, kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanishika. Kazi zote tatu zilikuja kuingia kwenye mambo yangu ya roketi, mema yake na mabaya yake.

Roketi hazikuwa wazo langu. Alikuja nazo Mwalimu Rehema, mwalimu wa fizikia, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Alianza na chupa za soda, maji na pampu ya baiskeli. Wanafunzi wakalowa, wakacheka, wakaelewa somo. Baadaye akataka injini za moto, zile ndogo za watu wanaofanya haya mambo kwa kuyapenda. Alizunguka ofisi kutafuta vibali mwaka mzima, na viatu vikamwishia. Barua zilipokamilika alikuja maabara, akaziweka mezani kwangu, akaniambia amepata ruhusa, amepata shimo la moramu ya barabara lililoachwa huko Ngulyati, sasa anatafuta mtu mwoga mwenye mikono mizuri. Nikamwambia mikono ninayo.

Mchanganyiko wa mafuta siandiki hapa. Hilo mtafundishwa mbele ya mwalimu, kwa kibali, kwa vipimo vyake. Kijana anayeniuliza mchanganyiko kabla hajaniuliza tunasimama umbali gani, huyo namtuma akafagie shimo.

Ila kuna jambo moja ambalo kila mwaka inabidi nilirudie. Mnakuja mkidhani kazi ya hapa ni kurusha. Kurusha ni siku moja ya furaha. Siku nyingine zote kazi yetu ni kuifunga injini isiende popote. Tunaisimamisha kichwa chini, mdomo wake unaangalia juu, imekaa juu ya mizani. Ikiwaka, moto unatoka kwenda juu na injini inasukuma mizani kwenda chini. Mizani inasema injini ina nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Usipojua hayo, hicho unachotaka kurusha hukijui, na kitu usichokijua usikielekeze kwenye anga ya watu.

Siku hizi mnacho kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachochora mstari kwenye kompyuta. Sikionei wivu, ni kizuri kuliko changu. Sisi tulianza na mizani ya kupimia pamba, ile yenye uso wa duara na mshale. Tulifunga simu ya zamani kwenye nondo iutazame ule uso, ichukue video, halafu sisi tukakaa hatua sitini nyuma ya ukuta wa magunia ya pamba tuliyoyajaza moramu. Injini ikishazima na muda wa kusubiri ukipita, tunaenda kuchukua simu, tunairudisha video polepole na kuandika kila mshale uliposimama. Macho yalituuma. Simu mbili zilikufa kwa joto, moja ikiwa ya mke wangu, na hadithi ya siku ile nitaisimulia yeye akiwa safarini.

Sasa ile chupa ya chai. Pale kiwandani nilifundishwa kazi na mzee mmoja tuliyemwita Fundi Issa, mtu mfupi, mkali. Siku moja mashine ilikwama na pamba ndani. Nikazima umeme na hapo hapo nikapeleka mkono kutoa ile pamba. Alinishika ukosi wa shati akanivuta mpaka kifungo kikakatika. Akanikalisha juu ya robota la pamba, akanimiminia chai ya moto, akaniambia niinywe mpaka iishe ndiyo niguse mashine. Nilipokuwa katikati ya kikombe ile mashine ilijizungusha yenyewe, mara moja tu, kwa ule mkazo uliobaki kwenye mikanda. Misumeno ya ndani ikapita pale ambapo mkono wangu ungekuwepo. Fundi Issa alikitazama kikombe changu. Akaniongezea chai.

Kwa hiyo hapa kwetu injini ikigoma kuwaka, hatuendi kuiangalia. Tunachomoa betri, tunamimina chai. Kikombe cha kwanza mpaka mwisho, cha pili mpaka mwisho, ndipo tunakwenda kuiangalia. Mnaotania kwamba kikundi chetu kinajua chai kuliko roketi, endeleeni. Mikono yenu yote miwili mnayo.

Basi nije kwenye filimbi.

Tulikuwa tumeshajaribu injini ndogo kumi na tatu. Zote ziliwaka, ila kwenye daftari langu zilionekana dhaifu. Nikamwambia Mwalimu Rehema tutengeneze kubwa zaidi, na nikampa bomba nene la chuma kutoka kwenye mabaki ya kiwandani. Alisita. Akasema vitabu vinakataza chuma, kwa sababu kikipasuka kinakuwa vipande. Nikamjibu kwamba mimi nimeshika mabomba tangu yeye hajazaliwa. Naona haya kuliandika jibu hilo, lakini ndilo nililotoa.

Kulikuwa pia na kitabu cha taratibu za usalama, na hicho nilikipenda, maana kilikuwa na orodha. Kiliagiza kwamba pakitokea hatari, msimamizi apulize filimbi kwa nguvu mara tatu ili watu wote wakae mbali. Nikanunua filimbi nzuri ya chuma. Siku nilipomwonyesha, Mwalimu Rehema aliigeuza geuza mkononi, akauliza kama majirani wa shimo wanaijua maana yake. Yeye ni mtu wa mjini, kwao hawaongei Kisukuma, lakini swali alilouliza ndilo lililotakiwa. Mimi, Msukuma wa kuzaliwa, nikamwambia filimbi ni filimbi. Tena tangazo tumeshalibandika kwenye ubao wa ofisi ya kata.

Tangazo lile nililiandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kumwona mtu akisoma ubao ule, na wala mimi sijawahi kuusoma.

Nyinyi mliolelewa mjini huenda hamjui, kwa hiyo nieleze. Vijijini kwetu filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Ikilia, au mtu akipiga mwano, ule ukelele mrefu wa kuomba msaada, kila anayesikia anaacha alichoshika na kukimbilia inakotoka. Hakuna cha kuuliza. Ukiwa unapalilia unakimbia na jembe, ukiwa unakula unakimbia na mdomo umejaa. Asiyekwenda ataulizwa kwa nini, na hatapata la kujibu. Nimekimbia mwano mwenyewe mara nyingi nikiwa kijana Kimali. Nilikuwa naijua desturi hiyo kama jina langu. Lakini nilikuwa nimeshika kitabu, na mtu akishika kitabu anaweza kusahau kwao.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kiangazi, pamba imeshavunwa. Wanafunzi hatukuwachukua, maana injini mpya tulikuwa tunaijaribu sisi wawili kwanza, na utaratibu huo ninyi mnaufuata hadi leo. Tuliifunga Namba Kumi na Nne juu ya mizani, tukavuta waya mpaka nyuma ya magunia, tukaunganisha betri ya pikipiki. Mwalimu Rehema akahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, akabonyeza swichi.

Ikatoa moshi mwembamba kwenye mdomo, kama sigara iliyosahauliwa. Halafu kimya.

Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Injini kugoma ni kawaida. Nikafungua chupa, nikamimina vikombe viwili. Moshi ule haukukatika, na hilo lilinitia wasiwasi, maana ni dalili kwamba ndani kuna kitu kinaendelea kuungua polepole na kinaweza kushika wakati wowote. Nikasema hii ndiyo hatari iliyoandikwa kitabuni. Nikatoa filimbi yangu nzuri, nikapuliza mara tatu, kwa nguvu, kama kilivyoagiza.

Nilikuwa sijairudisha mfukoni niliposikia mwano. Alikuwa Mama Minza, ambaye shamba lake la viazi liko juu kidogo ya shimo, upande wa mashariki. Yeye aliisikia filimbi kwanza, akaupokea ule wito na kuupeleka mbele kama anavyotakiwa. Ukajibiwa kutoka nyumba za chini, ukajibiwa kutoka malishoni. Damu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Na jambo moja ambalo sikulijua mimi ila wao wote walilijua: wiki ile ng'ombe wa watu walikuwa wameibwa, na kijiji kizima kilikuwa kinalala kimekunja ngumi.

Wakaja. Waliteremkia njia ya mashariki, ile inayopita kando kabisa ya jukwaa letu lenye mizani na injini. Wanaume wana fimbo, wawili watatu wana pinde, wanawake wana majembe, na Mama Minza yuko mbele yao na udongo wa viazi mikononi. Hawakuwa na pa kupita pengine. Ili watufikie sisi nyuma ya magunia ilibidi wapite hatua nne au tano kutoka kwenye injini iliyokuwa inatoa moshi.

Nikasimama juu ya magunia, nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele kwa Kiswahili na kwa Kisukuma kwamba warudi. Wakaongeza mbio. Fikirini wao wanaona nini. Filimbi imelia, na sasa kuna mtu anaruka ruka juu ya magunia anapunga mikono na kulia. Kila nilivyozidi kuwafukuza, ndivyo nilivyozidi kuwaita.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Akili yangu ilikuwa na kitu kimoja tu: watu wakikimbia mwano, nini kinaweza kuwageuza? Nikakumbuka mbio zangu za ujana kule Kimali. Kitu kimoja tu. Wanamgeukia anayekimbia kwenda upande mwingine.

Mkoba wa Mwalimu Rehema ulikuwa kando ya betri, mkoba mwekundu wa kike. Nikaunyakua, nikatoka nao mbio kuelekea magharibi, nikipanda ukingo wa shimo mahali ambapo kila mtu angeniona.

Yeye akabaki ameduwaa. Aliniambia baadaye kwamba kwa pumzi moja nzima alidhani nimerukwa na akili. Pumzi ya pili akaona njia ya mashariki, akaona moshi, akaniona mimi na mkoba wake, akaelewa. Na akaelewa na lile lingine, kwamba neno ninalomtaka aliseme linaweza kuniua. Ninyi mnajua mtu akiitiwa neno hilo mbele ya watu wenye fimbo, wiki ambayo ng'ombe wameibwa, mara nyingi habari yake inaishia wapi. Mwalimu Rehema alilijua. Alikuwa na nusu dakika, labda pungufu, achague kati ya kichwa changu na watu thelathini.

Nilimsikia kwa nyuma, sauti yake imekatika katikati.

"Mwizi! Mwizi huyo, anakimbilia kule!"

Walinigeukia wote kwa pamoja. Wakaiacha njia ya mashariki, wakazunguka kwa juu ya ukingo kunikata. Mimi nikikimbia namwomba Mungu mambo mawili: wasinifikie, na wasiache kunifuata.

Aliyenifikia ni Masunga. Ndiyo, Masunga huyu huyu mnayemwamkia "mwangaluka baba" kila Jumamosi. Wakati ule alikuwa kamanda wa sungusungu, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa anawapita vijana mbio. Alinipiga fimbo ya goti kwa ubavu, kama anavyopigwa ng'ombe mkorofi, na nikasikia kitu ndani kikilia. Nikaanguka na mkoba. Nikajigeuza chali ili nimwone. Fimbo ilikuwa imeshapanda tena, na safari hii ilikuwa imelenga kichwa, na uso wake haukuwa na hasira yoyote. Huo uso ndio ulioniogopesha kuliko fimbo. Alikuwa mtu anayemaliza kazi.

Namba Kumi na Nne ikapasuka.

Siwezi kuwaelezea sauti yake, maana baada ya kuanza sikuisikia tena. Watu wote walilala chini. Vumbi jekundu lilipanda kutoka shimoni. Mizani ya pamba hatukuipata yote, na mabomba ya jukwaa yalikuwa yamekunjwa. Jioni Mwalimu Rehema alikuta kipande cha lile bomba langu la chuma kimejichimbia kwenye njia ya mashariki, pale inapopita karibu na jukwaa. Kiliingia ardhini urefu wa mkono. Mnakiona kila siku, kimetundikwa mlangoni mwa kibanda chetu, na kuna anayekitumia kutundikia kofia.

Masunga peke yake hakulala chini. Alibaki amesimama juu yangu na fimbo yake hewani. Aliangalia shimo. Akaniangalia mimi, akaangalia mkoba mwekundu, akaangalia tena shimo. Mama Minza alikuwa ameinuka, anajipapasa kuona kama kila kitu kipo. Masunga aliishusha fimbo polepole, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ulikuwa unatuita au unatufukuza?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nawafukuza."

"Basi hujui kufukuza watu," akasema.

Walinibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, kila tuta nikitaja jina la mama yangu, kisha pikipiki ikanipeleka kutibiwa. Goti likafungwa miezi. Mwalimu Rehema alikuja kunitazama akiwa na video zetu zote na daftari langu. Hakunikaripia. Alinionyesha tu, ukurasa hadi ukurasa, kwamba zile injini kumi na tatu hazikuwa dhaifu hata kidogo. Kila mara, kabla ya kuwasha, nilirudisha mshale kwenye sifuri injini ikiwa tayari juu ya mizani. Halafu kwenye daftari, kwa mazoea ya misimu mitatu ya kupima pamba, nikaondoa tena uzito wa injini kama tulivyokuwa tunaondoa uzito wa gunia.

"Fundi," akaniambia, "umekata gunia mara mbili."

Kwa hiyo injini ile ilikuwa kubwa kwa sababu yangu, ilikuwa ya chuma kwa sababu yangu, na watu waliifuata kwa sababu yangu. Nilijifunika shuka usoni nikajidai nina usingizi. Ndiyo maana daftari la mizani siku hizi linaandikwa na watu wawili wasioonyeshana mpaka mwisho. Mnalalamika kwamba linawachelewesha. Lichelewesheni zaidi.

Mkutano wa kijiji uliitishwa, na mimi nikaenda na magongo. Wengi walitaka tufungiwe, na sikuwa na la kuwapinga. Mwalimu Rehema alisimama akaomba radhi. Nami nikasimama nikasema makosa yote matatu, moja moja, kwa Kisukuma, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nilipokaa, Masunga akainuka. Nikajua mambo yetu yamekwisha.

Hakuongea sana. Alisema watoto wa kijiji wanasoma shule ile, na shimo ni letu sote. Wabaki, ila kwa masharti yake. Filimbi isisikike tena shimoni. Siku mbili kabla ya kila jaribio hawa watu wapite nyumba kwa nyumba na kusema kwa midomo yao, siyo kwa ubao. Na siku yenyewe yeye atakuwa juu kwenye njia na fimbo yake, na hatapita mtu, hatapita mbuzi, mpaka yeye aseme.

Hiyo ndiyo asili ya mambo mnayoyaona kama yalishuka na mvua. Kupita nyumba kwa nyumba, ambako mnakwenda shingo upande na mnarudi na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, mifukoni. Kukataa chuma. Ukimya wakati wa hatari. Na Masunga juu ya njia.

Amesimama pale miaka tisa. Nilipopona tulianza kusalimiana, kisha kunywa chai pamoja, kisha nikamjua mpaka na majina ya ng'ombe wake. Lakini siku ile hakuitaja kamwe, na goti langu hakuliuliza. Akiniona nachechemea alikuwa anaangalia pembeni. Na jambo la pili ambalo huenda hamkuliona: anasimama ameligeuzia shimo mgongo. Miaka tisa, injini zaidi ya sitini, na Masunga alikuwa hajaona hata moja ikiwaka. Nilimuuliza siku moja kwa nini hageuki angalau mara moja. Akasema anayelinda njia anaangalia njia.

Mwaka jana, siku yangu ya mwisho kazini, tulikuwa na injini mbili za kujaribu. Mwalimu Rehema, ambaye sasa na yeye ana mvi, alikuwa kwenye swichi. Mimi sikwenda nyuma ya magunia. Nilipanda njia pole pole mpaka kwa Masunga, nikanyoosha mkono, nikamwomba fimbo. Akauliza ya nini. Nikamwambia leo naangalia njia mimi, yeye ageuke.

Alikataa. Nikabaki nimenyoosha mkono. Kule chini Mwalimu Rehema alikuwa ameshatuona, akasubiri, hakuanza kuhesabu. Masunga aliangalia kule chini, kisha akanipa. Ilikuwa mara ya kwanza naishika fimbo ile kwa mkono, na ni nyepesi kuliko nilivyokuwa naikumbuka.

Nikaangalia njia. Nikasikia hesabu kutoka kumi, nikasikia injini ikishika, ule mvumo mnaoupenda, nikahesabu moyoni. Sekunde tatu na nusu, safi kabisa. Kisha kimya. Sikugeuka. Masunga alikuwa nyuma yangu.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo hiyo tu.

"Nilitaka kukuua."

Nilikuwa nimeikaza fimbo kwa mikono yote miwili, na njia mbele yangu ilikuwa tupu, hapiti hata kuku. Nikasikia hatua zake zikija kando yangu. Alisimama ananiangalia mguu, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Goti linauma bado?"

"Mvua zikianza," nikasema. "Zikikatika linaacha."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea habari za mgonjwa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, na yeye hakujidai hayaoni. Kisha akanyoosha mkono nimrudishie fimbo yake. Nikampa. Akaligeuzia shimo mgongo, akasimama pale pale anaposimama siku zote. Injini ya pili ilikuwa bado.